Kila Jamii na Maadili Yake: Je, Naweza Kusema Kwamba Mtu Amekosewa?

Mpendwa Mshauri,

Salaam. Ninafanya kazi katika taasisi yenye watu wa mataifa na imani mbalimbali, na kwa sehemu kubwa tunaelewana vizuri. Mkuu wa idara yetu ni mtu hodari na mchapakazi, ila ana tabia moja inayonitesa: mfanyakazi mdogo akikosea, humsimamisha mbele ya wenzake, humsomea makosa yake moja baada ya jingine kwa sauti kubwa, kisha humtaka atamke kwa kinywa chake mwenyewe kwamba yeye ni mzembe. Hivi karibuni zamu ilimwangukia kijana ambaye ndiyo kwanza ameajiriwa. Alikuwa ameingiza tarakimu isiyo sahihi katika taarifa, kosa la kurekebishwa papo hapo. Alisimama ameishika karatasi yake kwa mikono miwili, akatamka aliyoambiwa ayatamke, na mkuu alipoona sauti ni ndogo alimwamuru aseme upya.

Baada ya kikao nilimwambia mwenzangu mmoja, mtu mzima, msomi, ambaye ninamheshimu sana, kwamba lile tuliloliona si sawa. Alinijibu kwa upole kwamba mkuu ametoka katika jamii ambamo wadogo hulelewa hivyo; kwamba mema na mabaya ni makubaliano ya kila jamii wala hakuna mizani inayosimama juu ya jamii zote; na kwamba mimi kumhukumu mtu yule kwa vipimo vyangu ni kiburi kilekile cha watawala wa kikoloni waliowaita watu wengine washenzi. Nilinyamaza. Sikuwa na jibu, na hayo ya ukoloni yalinichoma, kwa kuwa ni jambo ambalo nisingependa hata kidogo kufananishwa nalo.

Kilichonifanya nikuandikie ni kwamba siku iliyofuata kijana yule alinijia akaniuliza, "Dada, mimi nimekosewa, au ndivyo mambo yalivyo tu?" Nikababaika, nikamwambia avumilie.

Naomba unisaidie. Je, kuna jema na baya kwa watu wote, au kila jamii ina lake? Nikisema lipo, nitakiepukaje kiburi? Nikisema halipo, nitamwambia nini kijana huyu? Naomba pia usinijibu kwa dini, kwa sababu mimi, mkuu na mwenzangu hatuna imani moja, na jibu la namna hiyo halitavuka mlango wa ofisi yetu.

Wako,
Msomaji Aliyenyamaza

*

Dada yangu,

Nianze na kijana, kwa kuwa yeye ndiye anayesubiri. Amekosewa, na unaweza kumwambia hivyo leo, kabla hujamaliza kusoma jibu hili. Huhitaji kwanza umalize mjadala ambao wanafalsafa wameuendesha kwa zaidi ya miaka 2,000, kama vile mhasibu hahitaji kujua namba ni kitu cha aina gani, wala iko wapi ulimwenguni, ndipo aseme kwamba jumla imekosewa.

Nitatii ombi lako kuhusu dini, ingawa nakuachia neno moja la pembeni: hata mwenye imani hukutana na swali hili, kwa kuwa tangu zama za Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, watu wamekuwa wakiuliza kama jema ni jema kwa sababu limeamriwa, au limeamriwa kwa sababu ni jema.

Sasa tuiangalie hoja ya mwenzako, ambayo inastahili heshima, lakini imechanganya mambo matatu kana kwamba ni moja. Amesema kwamba jamii zinatofautiana. Kwamba kwa hiyo hakuna ukweli juu ya mema na mabaya. Na kwamba kwa hiyo usimhukumu mtu wa jamii nyingine. La kwanza ni kweli, na limejulikana siku nyingi. Herodotus, mwanahistoria Mgiriki wa karne ya 5 KK, anasimulia kwamba Dario, mfalme wa Uajemi, aliwaita Wagiriki waliokuwapo barazani pake akawauliza wangetaka malipo gani ili wale maiti za baba zao. Walijibu kwamba hakuna malipo ambayo yangewafanya watende jambo hilo. Kisha akawaita watu wa kabila moja la Uhindi lililoitwa Callatiae, ambao desturi yao ilikuwa kuwala wazazi wao waliokufa, na mbele ya Wagiriki walewale, kupitia mkalimani, akawauliza wangetaka nini ili wawachome moto wazazi wao kama Wagiriki walivyofanya. Wakapiga kelele wakimsihi asitamke maneno ya kutisha namna hiyo. Herodotus akahitimisha kwamba desturi ndiyo mfalme wa wote.

Kisa hiki hutolewa mara nyingi kama ushahidi kwamba hakuna jema wala baya nje ya desturi. Kisome tena, na utaona kwamba pande zote mbili zilishtuka kwa sababu moja: kila upande uliona kwamba umeombwa kumvunjia heshima mzazi aliyekufa, na hakuna upande uliodhani kwamba mzazi huyo anaweza kutupwa tu. Walitofautiana kuhusu tendo gani linaonyesha heshima, na hiyo ni tofauti halisi, ila si tofauti kubwa kama ilivyodhaniwa. Hata hivyo sitaki kukuuzia faraja ya bei rahisi. Mtu mkali anaweza kuniambia kwamba ukipanda juu vya kutosha, ukatumia maneno mapana kama "heshima" na "wema", utapata maafikiano popote duniani bila ya kuwa umethibitisha chochote, na atakuwa amesema kweli. Zipo tofauti ambazo haziyeyuki kwa njia hiyo: wako watu waliomiliki watu wengine na wakalala usingizi.

Kuna utafiti mmoja ambao nadhani utakufaa zaidi ya kisa cha mfalme. Tangu miaka ya 1970 mwanasaikolojia Elliot Turiel na wenzake wamekuwa wakiwauliza watoto wadogo, wakiwemo wa umri wa chekechea, maswali ya namna hii: kumwita mwalimu kwa jina lake tu ni kosa, je, mwalimu akiruhusu, bado ni kosa? Wengi husema hapana, akiruhusu si kosa tena. Kumpiga mwenzako ni kosa. Mwalimu akiruhusu je? Hapo wengi husema bado ni kosa, kwa sababu mwenzako ataumia. Mtoto ambaye hajui kusoma tayari ameshatenganisha kanuni zinazosimama kwa sababu zimewekwa na kanuni zinazosimama kwa sababu ya yule atakayeumizwa. Watafiti wengine, hasa Richard Shweder aliyefanya kazi nchini India, walipinga, wakionyesha kwamba mpaka kati ya aina hizo mbili hauchorwi mahali pamoja katika kila jamii, na kwamba kuna mambo ambayo jamii moja huyaona ni adabu tu ilhali nyingine huyaona ni dhambi. Nakubali. Lakini mpaka unaobishaniwa si sawa na mpaka usiokuwapo, na jambo la ofisini kwenu haliko karibu na mpaka huo.

Hatua ya pili ya mwenzako, kwamba kutofautiana kunathibitisha kutokuwapo kwa ukweli, haihitaji maneno mengi. Watu waliwahi kutofautiana kuhusu umbo la dunia, na dunia haikukosa umbo kwa ajili hiyo. Hatua ya tatu inaibomoa ile ya pili. Anayesema kwamba hakuna lililo baya kwa watu wote, kisha akasema kwamba ni vibaya kwa mtu yeyote kuhukumu jamii nyingine, ametunga palepale sharti la kimaadili linalowahusu watu wote. Mwanafalsafa Bernard Williams alilionyesha hili waziwazi mwaka 1972. Kama jamii yangu inaona fahari kuhukumu na kutawala jamii nyingine, yeye anayeamini kwamba kila jamii ina lake hana cha kuniambia. Na ule ukoloni aliokutishia nao, anaulaani kwa mizani ipi? Wakoloni nao walikuwa na utamaduni wao, na utamaduni huo uliwaambia kwamba wanatenda vyema. Unapoona ukoloni ulikuwa dhuluma kwa waliotendewa, hata kama waliotenda hawakuuona hivyo, umeshakubali kwamba kuna dhuluma isiyongoja ridhaa ya mdhulumu.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu naona ndipo penye kiini cha swali lako. Mtu anaposema "utamaduni wao unakubali", mwulize: nani kati yao aliulizwa? Jamii si mtu mmoja mwenye kinywa kimoja. Inasemekana, kwa mfano, kwamba Wagiriki wa kale waliuona utumwa kuwa sawa. Mwanafalsafa wao Aristotle aliutetea, ni kweli, lakini katika maandishi yaleyale ya kuutetea anakiri kwamba walikuwapo watu waliosema kwamba utumwa ni kinyume cha maumbile, kwamba umewekwa na sheria tu, na kwamba si haki kwa kuwa umesimama juu ya nguvu. Kwa hiyo hata huko palikuwa na mabishano, na bado sijawataja watumwa wenyewe, ambao hakuna aliyekwenda kuwauliza. Vivyo hivyo husemwa kwamba katika karne ya 18 watu waliuona utumwa ni jambo la kawaida. Watu gani? Katika koloni la Kifaransa la Saint-Domingue watumwa walikuwa wengi mno kuliko mabwana zao, na mwaka 1791 waliinuka, wakapigana mpaka nchi hiyo ikawa huru kwa jina la Haiti mwaka 1804. Ukihesabu vichwa, maoni ya jamii ile yalikuwa dhidi ya utumwa tangu mwanzo. Tunachokiita "maadili ya jamii" mara nyingi ni maadili ya wale waliokuwa na kalamu.

Wasomi waliokuwa na nia njema wamewahi kukwama katika jambo hili hili. Mwaka 1947, Umoja wa Mataifa ulipokuwa ukiandaa tamko la haki za binadamu, bodi ya chama cha wanaanthropolojia (wasomi wa jamii na tamaduni za watu) cha Marekani ilipeleka waraka, ambao kwa sehemu kubwa uliandikwa na Melville Herskovits, ukionya kwamba viwango vya maadili hutegemea utamaduni vilikozaliwa, na kwamba tamko lililojengwa juu ya mawazo ya Ulaya Magharibi na Marekani peke yake lisingeweza kuwafaa wanadamu wote. Onyo hilo lilikuwa na maana, kwa kuwa wakati huo sehemu kubwa ya dunia ilikuwa chini ya wakoloni na haikuwa na kiti mezani. Lakini vita vikuu vilikuwa vimekwisha miaka miwili tu nyuma, na waraka ulipofika kwa serikali zinazowanyima raia haki au kuteka mataifa dhaifu ulilazimika kutafuta mlango wa kutokea: ukasema kwamba thamani zilizo ndani kabisa ya utamaduni wa nchi hizo zingeweza kutumiwa kuwaamsha watu wake. Na kama hazimo humo ndani? Waraka haukuwa na la kusema. Mwaka 1999 chama hichohicho kilipitisha tamko jingine la kuziunga mkono haki za binadamu.

Tamko la Umoja wa Mataifa lenyewe lilipitishwa Paris tarehe 10 Desemba 1948 kwa kura 48, hakuna iliyopinga, na nchi 8 hazikuunga mkono wala kupinga. Miongoni mwa walioliandaa walikuwamo P. C. Chang wa China na Charles Malik wa Lebanon, na Hansa Mehta wa India ndiye aliyeshikilia kwamba kifungu cha kwanza kiseme "binadamu wote" badala ya "wanaume wote". Hivyo si sahihi kusema kwamba ni sauti ya upande mmoja wa dunia tu, ingawa si sahihi pia kusema kwamba dunia yote ilikuwapo. Angalia lakini moja ya zile nchi 8: Afrika Kusini, ambako mwaka huohuo chama kilichoahidi ubaguzi wa rangi kilishika madaraka, na ambako baadaye watawala waliutetea ubaguzi huo kwa kudai kwamba kila taifa linapaswa kuendelea peke yake kwa kufuata utamaduni wake. Hoja ya mwenzako, ambayo yeye aliitoa ili kuwalinda wanyonge dhidi ya kiburi cha wenye nguvu, hutumika vizuri mno mikononi mwa wenye nguvu.

Umeniuliza pia kama jema na baya kwa watu wote "lipo". Mwaka 1977 J. L. Mackie, mwanafalsafa wa Australia, alisema kwamba kama kungekuwa na ukweli wa kimaadili unaojitegemea, ungekuwa kitu cha ajabu kisichofanana na chochote kingine ulimwenguni, na tungehitaji hisi ya ajabu ili kuutambua. Hoja hii haijafa, na sitajifanya kuiua hapa. Katika uchunguzi wa maoni ya wanafalsafa uliofanywa na Bourget na Chalmers mwaka 2020, takriban asilimia 62 waliegemea upande wa kwamba ukweli wa maadili upo, na takriban asilimia 26 upande wa pili. Nakutajia ili usiambiwe kwamba wasomi walishaliacha wazo hilo, maana kura haziamui jambo la namna hii. Mimi naona kwamba Mackie alitafuta mahali pasipofaa. Sidhani kwamba ubaya wa kumdhalilisha mtu umelala mahali fulani kama jiwe likisubiri kuokotwa. Nadhani umo katika hili: kwamba hakuna sababu ambayo mwenye kudhalilisha angeweza kumpa yule anayedhalilishwa, naye akiwa huru kuikataa, ambayo angelazimika kukiri kuwa inamtosha. Hilo halibadiliki mtu akivuka mpaka wa nchi.

Kinachobadilika ni kingine, na hapa mwenzako anastahili haki yake. Tendo gani linadhalilisha hutegemea mahali. Inawezekana kabisa kwamba mkuu wenu amekulia mahali ambapo kukaripiwa hadharani hakumwondolei mtu heshima, ambapo wote hukaripiwa, hukaa chini, na mambo huisha. Kwa kuyajua hayo unaweza kumlaumu kidogo zaidi au kidogo chini. Lakini kumtaka mtu atamke kwamba yeye ni mzembe, na kumrudisha aseme tena kwa kuwa sauti haikutosha, hakurekebishi tarakimu yoyote. Lengo lake ni kumshusha mtu mbele ya wenzake, na mkuu aliona kwa macho yake kwamba ameshuka. Isitoshe, katika maelezo yako yote sioni mahali ambapo mkuu mwenyewe alisema kwamba huo ni utamaduni wake. Aliyesema ni mwenzako, kwa niaba yake. Kumkadiria mtu mzima kwamba hawezi kufanya lolote ila lile jamii yake ilimfundisha, na kwamba hawezi kuelezwa akaelewa, ni kiburi nacho, tena kimejificha vizuri.

Kuhusu kiburi chako unachokiogopa, ulinzi wako ni kukumbuka kwamba kama ukweli upo, basi nawe unaweza kuukosa. Anayeamini kwamba jema ni lile ambalo jamii yake inalikubali hawezi kamwe kugundua kwamba jamii yake imekosea. Wewe unaweza, na kwa hiyo una sababu ya kuwasikiliza wengine ambayo yeye hana. Wakoloni hawakukosa kwa kuamini kwamba kuna haki ya watu wote. Walikosa kwa kudhani kwamba wameshaifahamu yote, na kwamba haiwabani wao.

Basi nenda kwa mkuu, faraghani, wala usimpelekee hotuba kuhusu maadili ya ulimwengu. Mweleze ulichokiona: ile karatasi, mikono miwili, sauti iliyorudishwa. Mwulize alikusudia nini. Akikujibu kwamba huko alikotoka wadogo hufunzwa hivyo, mwulize hao wadogo walionaje, kwa kuwa huenda yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao, na hilo analijua vizuri kuliko sisi. Pendekeza kwamba makosa ya kazi yasahihishwe kwa maandishi au ana kwa ana. Asipokusikiliza, kila taasisi ina ngazi ya kupelekea malalamiko, na barua iliyotiwa saini na watu kadhaa hupuuzwa kwa shida zaidi kuliko ya mtu mmoja. Mwombe na mwenzako asaini, huenda ukashangaa. Ila kabla hujapeleka barua hiyo popote, mwulize kijana kama anataka jambo lake lifike huko, na akikataa, andika juu ya utaratibu wa vikao bila kumtaja.

Wako,
Mshauri